Homa inarudi hata baada ya sipro (dawa ya kuua bakteria), eti mwili umezoea dawa??

mama_wa_Busia: Wandugu habari. Hapa kwetu Busia kila homa siku hizi ni taifodi, unafika kliniki wanakutoa damu kidogo, mara Widal, kile kipimo cha haraka cha taifodi, iko poziti, shika sipro. Shemeji yangu amepewa mara nyingi tu na homa inarudi, sasa wanasema mwili wake umezoea dawa apande za sindano. Mwili unaweza zoea kweli? Na mbona ukisema una elfu mbili wanakukatia tu vidonge vya elfu mbili?

wa_maabara: Dada, kinachozoea ni bakteria, mwili hauna kosa. Zile dhaifu zinakufa, sugu zinabaki zinazaana, na zikimfikia mtoto wa jirani ambaye hajawahi meza sipro hata moja, kwake pia dawa inagonga mwamba. Hiyo Widal nayo inatafuta antibodi tu, yaani kinga ambazo mwili umetengeneza, hata maambukizi ya zamani yanaweza kuileta poziti. Kipimo chenyewe ni kuotesha damu, yaani kuona maabara kama bakteria wataota humo, inachukua siku kadhaa na helthi senta nyingi hazina, ndo maana wote wanakimbilia Widal. Aende hospitali ya rufaa kabla ya hizo sindano.

kuku_Mukono: Banange, na kwa kuku je? Huku kuku mmoja akikohoa banda zima linawekewa oksitetra, antibiotiki ya kuua bakteria, kwenye maji, na mayai yanauzwa hiyohiyo asubuhi. Mara nyingi ni kideri, kirusi, antibiotiki haikigusi kabisa, ungechanja tu! Ulaya walishapiga marufuku antibiotiki za kunenepesha mifugo tangu 2006.

Omara_G: Malaria pia jamani. Utafiti wa hapa Gulu uliotoka 2021 ulikuta vimelea vinavyochelewa kufa hata mtu akipewa artesunate, dawa ya malaria. Halafu unaona mtu anameza Coartem, vidonge vya malaria, siku moja, nyingine anamwekea mdogo wake.

mzee_kijiwe: Wakubwa wa nchi walikaa Umoja wa Mataifa, New York, Septemba 2024 wakaahidi ifikapo 2030 vifo vinavyohusiana na bakteria sugu vipungue kwa asilimia 10. Sawa. Ila mwenye elfu mbili dozi nzima aitoe wapi, na hospitali ya serikali unaambiwa dawa zimeisha kanunue nje? Mnamlaumu mgonjwa bure.

mama_wa_Busia: Mzee umesema. Shemeji amekubali kwenda Jumatatu, sasa ameze tu sipro zilizobaki akisubiri?

wa_maabara: Hapana, damu itolewe kwanza. Akishameza, kuotesha kunaweza kusione kitu na bado anaumwa. Ila akizidiwa, anatapika au anachanganyikiwa, msingoje Jumatatu, mpelekeni leoleo na mwambie daktari dawa zote alizokwisha kunywa.