Kwa nini Andrei Tarkovsky aliacha filamu ndefu saba tu?

Swali: Habari zenu, wapenzi wa sinema. Inakuwaje mwongozaji aliyetwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1962, kwa filamu yake ndefu ya kwanza, aache filamu ndefu saba tu? Ni nini kilichomkwamisha?

Jibu la 1: Ndugu, katika Umoja wa Kisovyeti kila filamu ilihitaji idhini ya wakubwa wa serikali. Ile inayomhusu Andrei Rublev, mchoraji wa picha takatifu, ilikamilika mwaka 1966, lakini wananchi wenzake walisubiri hadi 1971 ndipo wakaonyeshwa. Mwaka 1984, akiwa Milan, alitangaza kwamba harudi tena kwao.

Jibu la 2: Naongezea kwamba mikosi nayo ilimwandama. Alipokuwa akitengeneza “Stalker”, mikanda mingi ya picha za nje iliharibika ilipokuwa ikisafishwa, ikambidi arudie kazi. Halafu huko Sweden, katika filamu yake ya mwisho, nyumba ilichomwa moto kwa ajili ya tukio moja refu, kamera ikakwama huku paa likiteketea. Wakaijenga upya na kuichoma tena. Kila nikilitazama tukio hilo, mhusika mkuu akikimbia huku na huko kwenye matope, nguzo za nyumba zikianguka nyuma yake, machozi hunilengalenga.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Sasa naelewa kwa nini kifo chake mjini Paris, tarehe 29 Desemba 1986, akiwa na miaka 54, kinauma hivi.