Shule ndogo ya wazazi au shule ya kawaida? Januari inakaribia

MamaPacha_KahawaWest
Hamjambo. Tuko wazazi watano, tunataka kukodi nyumba, tuajiri mwalimu, watoto wasomee hapo. Sasa hivi basi la shule huwabeba saa kumi na moja na nusu alfajiri, na darasani wamebanana. Chaguo la pili ni shule ya binafsi hapa mtaani, lakini karo inauma. Mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa. Mngekuwa mimi mngeamuaje?

OtisWaDonholm
Wako gredi gani? Mtaala upi? Mwalimu mtamlipa ngapi? Umetueleza basi na mwenye nyumba tu.

MamaPacha_KahawaWest
Haya, wako saba. Pacha wangu Januari wanaingia gredi ya 4, mmoja ya 6, waliobaki ya 1 hadi ya 3. Ni CBC, mtaala wa umilisi wa hapa Kenya, ama CBE wanavyouita siku hizi. Pesa hatujapiga hesabu.

Mwalimu_Mstaafu
Huyo wa gredi ya 6 ndiye wa kuulizia kwanza. Mwaka ujao ana KPSEA, tathmini ya mwisho wa gredi ya 6, na mtoto husajiliwa KNEC, baraza la mitihani, kupitia shule, si kupitia sebule. Alama hizo ni asilimia 20 ya zile za kuingia sekondari ya juu: tathmini za gredi ya 7 na 8 ni 20, KJSEA, ile ya mwisho wa gredi ya 9, ni 60. Hata pacha wako, tathmini za gredi ya 4 hupakiwa kwenye mtandao wa KNEC. Nani atazipakia? Na mwalimu awe na namba ya TSC, tume ya walimu, hiyo ni sheria.

BabaTaji
Achaneni na CBC. Fuateni Cambridge, mtaala wa Uingereza, mtoto akifika IGCSE, mtihani wao wa sekondari, anafanya kama mtahiniwa binafsi kupitia British Council. Huko Marekani shule ndogo zimejaa kila mahali.

OtisWaDonholm
Arizona tangu 2022 mzazi yeyote anaweza kuomba pesa za serikali amsomeshee mtoto anakotaka. Hapa mtoto wa msingi wa umma hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka, na hata hizo huchelewa. Hiyo Cambridge utalipa wewe?

BabaTaji
Kwani nimekuomba?

Nyambura_Umoja
Mama Pacha, sikiza. Sisi tulianza baada ya shule kufungwa Machi 2020, na muhula wa kwanza ulikuwa raha, watoto walisoma wakacheka. Kisha mzazi mmoja akataka kazi ya ziada kila jioni, mwingine akataka kompyuta, wa tatu hakutaka mwanawe aambiwe amekosea. Mwalimu akawa na mabosi sita. Mzazi mmoja alipoachishwa kazi akaacha kulipa, na nani angemfukuza mtoto wa jirani? Tukachanga kumfidia, tukanuniana. Katikati ya muhula mwalimu akapata ajira ya kudumu, akaondoka na notisi ya wiki moja. Zamu za kufundisha zikatushukia sisi, na mimi hesabu za sehemu siziwezi. Shule tuliyowarudisha ikataka ripoti za muhula uliopita. Ripoti gani? Mpaka leo mama mmoja akiniona sokoni anageuza njia.

Kevo_Zimma
Si mjisajili kama APBET, zile shule mbadala za jamii? Masharti ya ardhi ni nafuu.

Mwalimu_Mstaafu
APBET ilikusudiwa mitaa ya mabanda, kijana. Mtu wa Kahawa West atawaambia nini wanaosajili?

Shosho_wa_Wajukuu
Na chakula cha mchana nani atapika? Hakuna aliyeuliza.

Kevo_Zimma
Githeri, Shosho.

Shosho_wa_Wajukuu
Githeri kila siku? Hao ni watoto ama wafungwa?

MamaPacha_KahawaWest
Mamake wa gredi ya 6 amesema atabaki alipo. Watoto wamebaki sita. Nyambura, kodi mligawana kwa mtoto ama kwa familia?

Nyambura_Umoja
Kwa mtoto. Mwenye watatu akalalamika.

DukaLaMbao
Nina madawati 12 ya kuketi wawili wawili, yako Githurai 44. Anayetaka aje inbox.