Nyasi zimekataa kufa kabla ya kupanda soya, nifanyeje?

Soya_Butere: Wakulima wenzangu, hamjambo? Nina ekari moja na nusu ya soya, msimu wa tano sasa. Kila mara napiga glifosati, dawa ya kuua magugu, kabla ya kupanda na shamba lilikuwa linakauka lote. Mwaka huu wiki mbili zimepita, kongwe, lile gugu linalotambaa, bado kijani, na kuna nyasi kama mmea wa wimbi, shina bapa na jeupe chini, ukiivuta inatoka na bonge la udongo. Muuzaji ananiambia niongeze vifuniko viwili kwa kila bomba. Niongeze?

Jembe Butu: Maji unachota wapi? Kama ni ya mto uliochafuka, udongo unaishika dawa kabla haijafanya kazi.

Soya_Butere: Ya mvua, mkubwa, kutoka kwa bati. Safi kabisa.

Mama Wawili: Usiongeze, ndugu yangu. Tena tenganisha hayo mawili. Kongwe ndivyo ilivyo tangu zamani, glifosati huisumbua tu. Hiyo nyasi ndiyo ya kuchunguza. Ikisalia kwa mistari, laumu nozeli, ile ncha ya bomba inayonyunyiza. Ukikuta mmea mmoja umekauka na mwenzake wa aina ile ile uko hai pembeni, shuku usugu, yaani dawa haiiui tena. Dawa moja misimu mitano: zilizopona ndizo zimekuwa zikikuachia mbegu.

Mluhya wa Bungoma: Mimi hizo hungoja soya iote, nazipiga kwizalofopu, dawa ya nyasi tu, zikiwa na majani matatu manne. Soya haidhuriki.

Mama Wawili: Sawa, lakini kongwe si nyasi, haitaguswa. Kwa hiyo ang'oe iliyopo, apande, kisha apige metolaklo, dawa ya kuzuia mbegu za magugu zisiote, soya haijachipuka na udongo una unyevu. Na tafadhali, asiuziwe atrazini ya mahindi. Itaunguza soya.

Jembe Butu: Kongwe usiiache shambani, kila pingili inaota mizizi. Mimi niliilundika pembeni nikajiona mjanja. Mvua ikanyesha, ikarudi yenyewe. Na panda mistari ya sentimita 45, soya ifunike udongo mapema. Palizi ya wiki ya tatu usiikwepe.

Soya_Butere: Nimetoka shambani. Mfu na mzima, hata hatua moja hazijaachana, na si mahali pamoja tu. Zenye mashuke nimezikata kwanza, zimejaa gunia. Kesho vibarua wawili na majembe. Muuzaji amenipigia simu kuuliza kama nitarudi kuchukua dawa, nimemwambia nanunua metolaklo. Amenyamaza kidogo, halafu akasema anayo.