Mrejesho: gitaa la umeme na mkono wa tremolo

Wadau asanteni sana, mimi ndo yule wa Malindi niliyelia kwamba nimeweka nyuzi nene zaidi, za 10 badala ya 9, briji (kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) ikainuka na nikibonyeza mkono wa tremolo (ile fimbo ya kuyumbisha sauti) tuni yote inapotea. Aliyesema nifungue kifuniko cha nyuma nikaze zile skurubu mbili zinazovuta springi, zile zinazoshindana na mvuto wa nyuzi kwenye briji, alipatia kabisa, nakaza kidogo huku na huku, natuni upya, nakaza tena, kazi ya kuchosha jamani, mpaka briji ikalala sambamba na bodi. Unga wa penseli kwenye vijifereji vya nati (kile kipande cha juu ya shingo ambapo nyuzi hupita) nao umesaidia, ule mlio wa "tik" nikituni umeisha. Ila uzi wa G bado haurudi kwenye tuni sawasawa nikibonyeza sana, halafu springi moja imeliwa na kutu, hii chumvi ya bahari haina adabu, natafuta nyingine.