Mjadala: Hip hop ya Dar ni urithi wa kutunzwa kwa fedha ya umma, au tuiache ipite?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kila yanapozungumzwa mambo ya urithi wa muziki wetu, ngoma za jadi zimo, taarabu imo, dansi imo. Ukitaja hip hop unajibiwa mambo mawili: kwanza ni muziki wa kuiga, pili ni wa juzi tu. Mimi nasema kanda za hip hop ya Dar za miaka ya 1990 zikusanywe sasa, kwa fedha ya umma, wakati wengi wa waliozirekodi wangali hai.

Nianze na hilo la kuiga. Ni kweli tuliiga. Saleh Jabir, mshindi wa shindano la kurap la Yo Rap Bonanza mwaka 1991, alichukua biti ya Vanilla Ice wa Marekani akaichania, yaani akarap juu yake, kwa Kiswahili. Lakini rumba nayo ilitoka Cuba ikapitia Kongo, na fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) za taarabu zina mkono wa Misri. Nani leo atasimama Kariakoo aseme bendi za dansi kama Msondo au Sikinde si zetu? Muziki huwa wa watu kwa kile wanachoufanyia, na Dar iliifanyia hip hop mambo makubwa.

Mwanzoni wachanaji wengi walikuwa watoto wa ushuani, wenye ndugu wa kuwaletea kanda na video kutoka ng'ambo, na mistari mingi ilikuwa ya Kiingereza. Wasanii wa kundi la Kwanza Unit walipoungana mwaka 1993 walikuwa bado wanachanganya lugha. Kisha upepo ukageuka. 2-Proud, ambaye baadaye alijiita Mr. II na sasa wengi mnamwita Sugu, alitoka Mbeya akaja na Kiswahili kilichonyooka. Hard Blasters wakaja na hadithi zenye vina ambazo hata mama muuza vitumbua alizifuatilia. Temeke ikaingia na Gangwe Mobb na Juma Nature, na lugha ya uswazi ikasikika redioni bila kupigwa pasi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, muziki huu ulipopata mji wake. Mwaka 2001 Profesa Jay alipotoa "Ndiyo Mzee", akimwigiza mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukiitikia, hiyo haikuwa tena nakala ya kitu chochote cha New York. Ilikuwa mikutano yetu ya kampeni kama ilivyo.

Sasa hoja ambayo naona wengi hawaigusi. Kwa nini nyimbo za dansi za miaka ya 1970 bado tunazo? Kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), redio ya serikali, ndiyo iliyokuwa ikizirekodi. Bendi iliingia studio ya serikali, ikapiga, na mkanda ukabaki kwenye makabati ya serikali. Hip hop ilikua wakati mpangilio huo unavunjika. Radio One ilianza mwaka 1994, zikafuata stesheni nyingine, na kurekodi kukahamia studio za watu binafsi: Mawingu, MJ ya Master Jay, Bongo Records ya P-Funk. Tunawadai heshima watu hao, maana walibeba kazi kubwa. Lakini hakuna aliyepewa jukumu la kuhifadhi. Mkanda wa mama, yaani rekodi halisi ya kwanza, ulibaki kwa prodyuza, au kwa msambazaji wa Kariakoo, au kwenye diski ya kompyuta ambayo ikifa imekufa na kila kilichomo. Kwa hiyo anayesema dansi ni urithi kwa kuwa "imedumu" anasahau kwamba ilidumishwa, tena kwa kodi ya wananchi.

Na watu wanaondoka. Mwaka 2013 wachanaji Albert Mangwair na Langa walifariki ndani ya majuma machache. Godzilla akafuata mwaka 2019. D-Rob wa Kwanza Unit alitangulia zamani, kabla wengi wenu hamjaanza kusikiliza. Kila msiba tunarusha picha na nyimbo mbili tatu zile zile, basi.

Ule ubishi wa nani mwasisi, Saleh, Kwanza Unit au Sugu, nauweka kando. Umekula miaka yetu mingi na haujaokoa kanda hata moja.

Kuna pingamizi moja naliheshimu sana. Mtu atauliza: serikali ile ile ndiyo iweke nyimbo zinazoisema? Mwaka 2017 mchanaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, kabla ya Rais Magufuli kutaka aachiwe na wimbo upigwe. Mwezi uliofuata mchanaji mwingine, Roma, alitekwa akiwa studio na wenzake. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana sitaki hifadhi hii iwe chini ya BASATA, chombo kinachosimamia wasanii. Iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mtafiti anaruhusiwa kusikiliza kila kitu, na nakala ya pili ibaki kwa msanii au familia yake. Haki za kazi zisiguswe: kuhifadhi si kumiliki, na wasanii wetu wameshauza kanda kwa bei ya kutupwa kiasi cha kutosha.

Mimi ningeanza na demo (rekodi za majaribio) za kabla ya mwaka 2000, hasa za makundi ya mitaani ambayo hayakuwahi kufika kwenye albamu, kwa sababu hizo hazina nakala dukani wala mtandaoni. Anayepinga aseme kwa nini dansi ilistahili makabati ya RTD na hip hop isistahili. Na anayeunga mkono aseme zikae wapi, na nani ashike funguo.