Siku tatu Chicago peke yangu, mfuko mwepesi: naombeni ushauri

Kutoka: mwanafunzi, Iowa City

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mwezi wa kumi nitapanda basi kwenda Chicago, nikae siku tatu, kisha nipande ndege O'Hare kurudi nyumbani Mwanza. Mimi ni msichana, sina ndugu mjini humo, na sijawahi kulala ugenini peke yangu. Nimetenga dola 300 kwa kila kitu, malazi yakiwemo. Nimeona chumba cha bei ya chini sana, ila kiko mbali, nje kabisa ya mji. Nikichukue?

Kutoka: kaka wa Rogers Park, Chicago

Marahaba mdogo wangu. Usikichukue. Mimi nilipokuja mara ya kwanza nilipiga hesabu hiyohiyo. Chumba kilikuwa rahisi kweli, lakini treni haifiki, na basi la mwisho lilikuwa linaondoka mapema. Kufika siku ya pili, pesa ya teksi ilikuwa imeshapita bei ya kitanda cha katikati ya mji. Bei ya kulala ipime pamoja na nauli na saa utakayorudi.

Tafuta kitanda cha bweni karibu na Loop, yaani katikati ya mji. Hosteli ya HI (Hostelling International) iko barabara ya Ida B. Wells Drive, unashuka treni ya Blue Line kituo cha Jackson au LaSalle na kutembea dakika chache. (Ida B. Wells alikuwa mwandishi wa habari, alizaliwa utumwani mwaka 1862, akapambana kwa kalamu na mauaji ya Weusi mikononi mwa magenge. Ukipita hapo soma kibao cha jina lake.) Unapoweka nafasi, omba bweni la wanawake pekee. Beba kufuli lako. Na bei utakayoona mwanzoni mara nyingi haina kodi. Kodi ya malazi hapa inazidi asilimia 17, kwa hiyo fika hadi ukurasa wa mwisho ndipo ujue kama zile 300 zinatosha.

Usafiri usikutishe. Nunua pasi ya siku kadhaa ya CTA, shirika la usafiri wa umma la mji, inafanya kazi kwenye treni na basi. Blue Line inatembea usiku kucha na inaingia O'Hare kwenyewe, kama dakika 45 kutoka katikati. Wanaotozwa nauli kubwa ni wanaopandia O'Hare. Wewe unayekwenda huko unalipa ya kawaida.

Kutoka: mama wa Minneapolis

Mwanangu, kaka yako amesema vizuri, ila kuna ambayo mwanamume hayakumbuki. Ukirudi usiku panda behewa la kwanza, lililo karibu na dereva. Usikae mlangoni na simu mkononi, maana wanapora mlango unapofunguka, wanashuka mbio.

Halafu choo. Katikati ya mji vyoo vya bure ni shida, na mikahawa mingi inataka ununue kwanza. Nenda Chicago Cultural Center, pale Michigan Avenue. Ni jengo la mwaka 1897, lilikuwa maktaba. Kuingia ni bure, kuna joto, na juu kuna kuba la vioo vya rangi vya Tiffany ambalo nililitazama mpaka shingo ikauma. Maktaba ya Harold Washington nayo ni hivyohivyo, na iko karibu sana na hosteli hiyo. Harold Washington ndiye meya wa kwanza mweusi wa Chicago, alichaguliwa mwaka 1983.

Chakula: chagua hosteli yenye jiko, nunua mayai, mkate na ndizi. Mlo mmoja ukale Devon Avenue kwa Wahindi na Wapakistani. Utapata biriani na chai ya maziwa, moyo utatulia. Mkahawani ukihudumiwa mezani, ongeza bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Iweke kwenye hesabu kabla hujaagiza.

Kutoka: kaka wa Rogers Park

Nyongeza. Siku za bure za makumbusho mengi ni za wakazi wa Illinois, jimbo lenye Chicago. Kitambulisho cha Iowa hakitakusaidia, usipange safari juu ya hilo. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park ni bure kwa wote, kila siku. Ukitoka hapo tembea hadi ziwani. Ziwa Michigan ni dogo kuliko Nyanza yetu, lakini ng'ambo huioni, na maji ni baridi yasiyo na chumvi. Wewe wa Mwanza utasimama pale muda mrefu. Vaa koti la kuzuia upepo.

Kutoka: mwanafunzi, Iowa City

Asanteni sana, mama na kaka. Nimeshika kitanda cha bweni la wanawake. Swali la mwisho: ndege yangu ni ya usiku na chumba natakiwa kukiachia asubuhi. Begi nitaliweka wapi?

Kutoka: mama wa Minneapolis

Waulize hapo hosteli, wengi wanakutunzia mpaka jioni. Pasipoti na pesa usiviache humo.