Ushauri wenu wakuu: timu imekufa moyo, nimvue nahodha kitambaa?

Kocha wa Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, nafundisha timu ya mtaa huku Ngamiani, bila mshahara, kwa mapenzi tu. Ligi yetu ina timu 7, nyumbani na ugenini. Hadi jana tumecheza mechi 9: tumeshinda 1, sare 2, tumefungwa 6, na hizo 6 ni mfululizo. Tuna pointi 2, tunaburuza mkia. Zimebaki mechi 3.

Vijana mpira wanaujua, ila moyo ndio umekufa. Mazoezi saa kumi na nusu, wanaanza kuingia saa kumi na moja na robo, mmoja mmoja, wengine na kandambili. Tukifungwa la kwanza wanatazamana tu, hakuna wa kuufuata mpira wavuni aupeleke kati. Anayeniumiza zaidi ni nahodha. Beki wa kati, miaka 27, zamani akipiga kelele unamsikia barabara ya pili. Siku hizi hasemi kitu. Mapumziko nikiongea, yeye kainama anafunga kamba za viatu ambazo zimeshafungwa.

Mfadhili amesema tukimaliza mkiani anajitoa. Nafikiria kumvua nahodha kitambaa nimpe kiungo wetu wa miaka 19, ana sauti na ana uchu. Nifanyeje kuamsha morali? Naombeni ushauri wa kweli, usingizi sipati.

Mgosi wa Makorora
Pole sana kocha. Usikate tamaa. Msimu wa 2014/15 Leicester City walikuwa mkiani Krismasi inapita, wakashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho wakabaki ligi kuu. Msimu uliofuata wakachukua ubingwa wa Uingereza. Kocha wao Ranieri aliwaahidi wachezaji piza wakimaliza mechi bila kufungwa, na walipoweza akawapeleka kweli. Wewe waahidi hata mihogo na pweza pale Raskazone. Kijana anachotaka ni kuona amefikiriwa.

Kipa Mstaafu
Nimekaa golini miaka 14, nikupe ya uwanjani. Mapumziko ni dakika 15. Zile 5 za kwanza usiseme kitu, wanywe maji, wapumue, wagombane wenyewe. Kisha sema mambo mawili tu, yanayofanyika: "beki wa kulia usipande", "kona zao tumkabe yule mrefu wawili". Makocha wetu wa mitaani wanahubiri dakika zote 15, mchezaji anarudi uwanjani kichwa kimejaa na miguu imepoa. Na mazoezini wewe uwe wa kwanza kufika, kabla ya mipira.

Bandari Salama
Mnafungwa dakika ya ngapi? Kama ni kuanzia ya 70, hapo tatizo ni pumzi. Mtu aliyeishiwa pumzi anaonekana kama hajali. Wakimbize mchangani Sahare asubuhi maji yakikupwa, wiki mbili tu, utaniambia.

Kocha wa Ngamiani
Ahsanteni. Bandari Salama, tunafungwa muda wowote, hata dakika ya 3. Kipa Mstaafu, hilo la kunyamaza dakika 5 nimelichukua.

Mzee wa Mkwakwani
Vijana, morali mnayoizungumza mimi niliiona kwa macho. Mwaka 1988 Coastal Union wanachukua ubingwa wa nchi nilikuwa na miaka 12. Hela ya kiingilio sina, nikasimama langoni Mkwakwani, nikamshika mkono mzee mmoja nisiyemjua kama vile ni babu yangu, nikaingia naye. Hakuniuliza kitu, akaninunulia na kashata. Mji mzima ulikuwa unatembea kifua mbele, wavuvi, makuli, mama lishe, kila mtu anaijua namba ya kila mchezaji. Yule mzee nilimtafuta mechi zilizofuata sikumwona tena. Mpaka leo nikipita lile lango namkumbuka.

Ndondo Mpaka Kieleweke
Mzee, hadithi tamu, ila kocha bado yuko mkiani. Kocha, mko Tanga mnakosaje kamati ya ufundi? Timu za Dar zinasafiri kuja huko kutafuta wataalamu 😂

Bandari Salama
Acha hayo mambo. Hela za hirizi nunueni mipira miwili, hiyo ndiyo kamati.

Mama Wawili
Sijui mpira, nina wanangu wawili wa kiume wanaocheza. Mwenye kelele hanyamazi bure. Huyo nahodha ulimkalisha chini ukamuuliza ana nini?

Kocha wa Ngamiani
Dada, sijamuuliza. Ana kisirani tu, nadhani anawatia wenzake sumu, maana akinyamaza yeye wananyamaza wote. Kusema kweli yule kijana wa kiungo nimeshamdokeza ajiandae, na mfadhili nimeshamwambia mabadiliko yanakuja. Ninachotaka kwenu ni namna ya kulifanya lisilete mpasuko.

Mgosi wa Makorora
Kwa hiyo umeshaamua. Hapa umekuja kuombewa dua.

Hesabu Ngumu
Nimesoma mara mbili. Kushinda 1 ni pointi 3. Sare 2 ni pointi 2. Jumla 5. Kocha anasema wana 2. Kocha gani anayekosa usingizi kwa ajili ya timu halafu hajui pointi zake? Wakuu, hii ni chai. Kuna watu wanatunga nyuzi hapa wapate wachangiaji.

Ndondo Mpaka Kieleweke
Loh, kweli! Na nahodha anafunga kamba zilizokwisha kufungwa, kama tamthilia. Nilihisi.

Kipa Mstaafu
Msimrukie. Mwacheni ajibu. Kocha, pointi 3 zimekwenda wapi?

Kocha wa Ngamiani
Sijatunga. Tulikatwa. Kanuni za ligi yetu, timu isipofika kituoni inapoteza mchezo na inakatwa pointi 3. Mechi ya nne tulikuwa ugenini Tongoni, gari likaharibika, hatukufika. Sikuandika kwa sababu hayo yamepita.

Hesabu Ngumu
Bado. Tongoni iko barabara ya Pangani, magari yanapita. Gari moja likiharibika watu 18 wanashindwaje kufika? Na kama mliharibikiwa njiani, kwa nini hamkukata rufaa? Chai hii bado haijaiva.

Kipa Mstaafu
Mimi naona jambo jingine. Mechi ya nne ndiyo hiyo. Kabla yake mlishinda 1, sare 2. Hamkuwa mmefungwa hata moja. Baada yake tano, zote kipigo. Kocha, Tongoni kulitokea nini?

Kocha wa Ngamiani
Nimekaa na simu tangu saa tatu usiku sijui niandike nini. Naandika tu.

Gari halikuharibika. Halikukodiwa. Mfadhili alinipa laki moja na ishirini, elfu 80 ya Hiace, iliyobaki posho ya waamuzi na maji. Mechi ilikuwa Ijumaa. Jumatano usiku mwanangu wa miaka minne alipata degedege, malaria imepanda kichwani. Nilikuwa sina kitu nyumbani. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, kuna mtu alikuwa anadaiwa na mimi angenilipa Alhamisi. Nikatumia ile hela, nikijua kesho nairudisha. Huyo mtu hakulipa, na simu akazima.

Ijumaa saa saba vijana walikusanyika Mgandini, viatu kwenye mifuko ya nailoni. Niliwapigia nikasema gari limezima njiani, fundi anakuja. Saa tisa nikawaambia limeshindikana. Walikaa juani saa mbili wakisubiri gari ambalo halipo.

Dereva wa ile Hiace ni binamu yake nahodha.

Mama Wawili
Mtoto anaendeleaje?

Kocha wa Ngamiani
Amepona dada, alhamdulillahi. Anacheza. Ahsante, wewe ni wa kwanza kuniuliza, hata nyumbani hatulizungumzi.

Hesabu Ngumu
Neno chai nalifuta, naomba radhi kama nimekugusa, na pole kwa lile la mtoto. Ila hesabu naendelea nayo. Nahodha anajua tangu siku ile. Wiki ngapi sasa?

Kocha wa Ngamiani
Wiki sita.

Hesabu Ngumu
Na hajaandika kwenye grupu la WhatsApp la timu?

Kocha wa Ngamiani
Hajaandika. Hajamwambia mfadhili. Hajaniambia hata mimi. Ananitazama tu.

Kipa Mstaafu
Basi huyo unayetaka kumvua kitambaa ndiye aliyekusitiri wiki sita. Anaambiwa na wenzake "kocha wetu vipi", anajua jibu, analimeza. Halafu unasimama mapumziko unawahimiza wajitolee. Ningekuwa yeye ningefunga kamba mpaka zikatike.

Mgosi wa Makorora
Wakuu tusimsulubu. Mtoto ana degedege usiku, nani hapa angeacha hela mfukoni akasubiri? Mimi ningeichukua na nisingeomba msamaha.

Bandari Salama
Kuichukua hakuna anayemlaumu. Saa mbili za juani ndizo mbaya. Angesema Alhamisi usiku "jamani nimepatwa", vijana wa Ngamiani wangechangishana wakapanda daladala. Mbona misiba tunachanga?

Shabiki wa Ghana
Hela na timu ni kitu kimoja na wino na karatasi. Kombe la Dunia 2014 kule Brazil, Ghana waligomea mazoezi kwa sababu ya posho, serikali ikawapelekea kwa ndege fedha taslimu zaidi ya dola milioni 3. Wakalipwa, na bado Ureno wakawafunga 2-1 wakatoka. Imani ikishavunjika, hela ikija baadaye haiiungi siku hiyo hiyo. Na Ufaransa 2010 Afrika Kusini, wachezaji waligoma kufanya mazoezi, nahodha Evra akiwa upande wao, kocha Domenech ndiye akawasomea waandishi tamko la wachezaji wake mwenyewe. Wakaondoka na pointi 1. Hawakusahau mpira wale, walikuwa hawasemeshani na kocha.

Ndondo Mpaka Kieleweke
Nimeacha kucheka. Kocha, nenda kaongee na huyo jamaa.

Kocha wa Ngamiani
Nimesoma yote. Lakini nielewe. Nikisimama mbele ya vijana nikasema nilikula hela ya nauli, nimekwisha. Nani atanisikiliza nikimwambia arudi kukaba? Na mfadhili akijua anajitoa kesho, hangoji mechi 3. Nilifikiri nikibadili nahodha, tukashinda hata moja, jambo litafunikwa na ushindi. Hela nimeshaanza kurudisha, nimeweka elfu 70 pembeni.

Kipa Mstaafu
Sasa hivi nani anakusikiliza? Umesema mwenyewe wanakuja na kandambili.

Nikwambie la kwangu. Nikiwa na miaka 22 tulikuwa na kocha aliyetuficha barua ya mwajiri mmoja aliyetaka wachezaji watatu kazini, mimi nikiwemo, kwa sababu aliogopa timu itavunjika. Tuliijua mwaka mmoja baadaye. Sikumchukia kwa barua. Nilimchukia kwa mwaka ule mzima aliokuwa ananipiga bega akiniita mwanangu. Angeniambia wiki ya kwanza ningemwelewa. Amekufa, sikuwahi kumwambia hili.

Nenda kwa nahodha kwanza, kwake, peke yako, kabla ya timu na kabla ya mfadhili. Usiende kumweleza ya mtoto kama utetezi. Anza na Mgandini, saa mbili zile. Mengine atauliza mwenyewe. Kisha yeye ndiye akwambie vijana waambiwe vipi, maana anawajua kuliko wewe. Na kitambaa usikiguse. Hata yule wa miaka 19 kamwambie ulikosea kumdokeza, mtoto usimwache na deni la watu wazima.

Mama Wawili
Na kuanzia leo hela isikae kwako. Atafutwe mtu ashike daftari, kila shilingi iandikwe na wachezaji wawili watie sahihi. Hata VICOBA vyetu vya akina mama hatuendi hivyo mnavyokwenda nyie.

Shabiki wa Ghana
Mfadhili naye mpelekee zile elfu 70 mkononi, iliyobaki mwandikie tarehe. Akijitoa, amejitoa. Timu za mtaa zinaishi kwa michango, hazikuanza na yeye.

Mjukuu wa Pangani
Nimechelewa kuuona uzi. Kocha, wanunulie jezi mpya, zenye majina mgongoni. Morali itapanda siku hiyo hiyo, nimeshuhudia.

Bandari Salama
Mkuu, soma uzi kuanzia katikati.

Kocha wa Ngamiani
Nimempigia nahodha mara mbili jioni hii, hakupokea. Nimemwandikia: "Naja kwenu Duga kesho baada ya magharibi. Ni kuhusu Tongoni. Nakuja peke yangu." Tiki mbili za buluu zimetokea. Hajajibu, ila dakika kumi baadaye amenitumia ramani ya nyumba yao, ingawa kwao napajua.

Yule kijana wa kiungo nimeongea naye mchana. Alinyamaza, kisha akasema, "Kocha, mimi nisingekichukua. Kila mtu anajua."

Nimebaki na neno hilo. Kesho nitawaambia.